Lebo Zilizowasha Shingo

Mji mzima ulimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi gani. Mafundi baiskeli walikuwepo wawili, fundi redio mmoja, na fundi viatu alikaa mkabala na stendi, lakini ukisema nguo yako iko kwa Fundi, kila mtu alijua unazungumzia kile kibaraza cha saruji kilichopasuka pembeni. Hapo ndipo alipokuwa akikanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linapozama nyuma ya ghala la mahindi, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Cherehani ilikuwa ya mama yake, na ufundi pia ulikuwa wa mama yake.

Kilichomlisha ni sare za shule. Kila mwanzo wa mwaka, sketi na kaptula za bluu iliyokolea, mia mbili na zaidi, kitambaa cha polista kisichokunjika wala kuchuja. Mama yake alimfundisha kwamba nguo ya mtoto lazima iachiwe akiba: vidole viwili kwenye pindo, vidole viwili kiunoni, ili mtoto akirefuka nguo irefuke naye. Fundi hakuwahi kuiruka sheria hiyo. Wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wao wanaonekana wamevaa nguo za kuazima, naye aliwajibu, "Mwakani mtanishukuru, na msiponishukuru pia sawa." Kwa kupima tu aliwajua watu. Kiuno kikipungua inchi mbili kabla ya mwenyewe hajalalamika ugonjwa, Fundi alikuwa wa kwanza kujua, akanyamaza.

Alikuwa na miaka kumi na tisa mama yake alipofariki, akaachiwa cherehani na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Huyo ndiye Kifungo. Jina hilo alilipata wiki ileile ya msiba, alipomeza kifungo cha koti la muuguzi, na mtaa mzima ukakaa siku tatu ukisubiri habari, majirani wakipita asubuhi kuuliza kwa heshima kama mzigo umeshafika. Ulifika. Fundi alikiosha kile kifungo, akakitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo vingine, na maisha yakaendelea. Akamlea, akamsomesha mpaka aliposhindikana, akamshonea kila nguo aliyowahi kuvaa. Mchumba mmoja alijitokeza katikati ya miaka hiyo. Akamwona mtoto, akasema anakwenda kujipanga, atarudi. Labda bado anajipanga.

Kisha wakaja watu wa kupima ardhi. Walikuja na magari marefu na vyuma vya miguu mitatu, wakachomeka vigingi vyekundu kwenye mashamba ya watu bila kuuliza, na watu kwa kutojua wakafungia mbuzi kwenye vigingi hivyo. Mwaka uliofuata mtambo ukasimama, mrefu kuliko kitu chochote kilichowahi kusimama pale, na ikatangazwa kwamba mafuta yapo, tena mengi. Watu walicheza ngoma stendi mpaka wakachoka. Fundi naye alicheza. Hilo hakulikana hata baadaye, alipoanza kuuchukia mji ulivyokuwa.

Maana mji uligeuka mbele ya macho yake. Malori yalipita mbele ya kibaraza tangu alfajiri, ule ufa wa pembeni ukapanuka mpaka ukaweza kumeza bobini ikidondoka. Vumbi liliingia kwenye cherehani, likaingia kwenye chakula, likaingia kwenye nguo nyeupe kabla hazijavaliwa. Kwenye nyumba ya nyuma yake, iliyokuwa na familia tatu, zikatolewa zote tatu, wakaingizwa wanaume kumi na wawili waliolala kwa zamu, hata vitanda vikawa havipoi. Mama wa nyanya akaanza kumwuzia Fundi nyanya kwa bei ya wageni, bila hata kuona haya, na mwuza mkate akaacha kuoka akaenda kuosha vyombo kambini. Muuguzi wa zahanati akahamia kwenye kliniki ya kampuni, yenye kiyoyozi, ambayo haikutibu mtu asiye na kitambulisho. Na kule mbali, juu ya bomba refu, moto wa gesi uliwaka bila kuzimwa, hata majogoo wakachanganyikiwa, wakawa wanawika wanapojisikia.

Shule ndiyo iliyokufa kimyakimya. Walimu kumi na mmoja wakabaki wanne. Watoto wakagundua kwamba kwenye foleni ya malori ukiuza maji na mayai ya kuchemsha huhitaji kujua kusoma. Mwanzo wa mwaka wa tatu wa mafuta, Fundi alinunua jora la kitambaa cha bluu kama kawaida yake, akakaa kibarazani akisubiri. Zikaja oda kumi na saba. Jora likabaki limesimama kwenye kona ya chumba, na kila akiamka asubuhi lilikuwa kitu cha kwanza kukiona.

Kwa hiyo Mwalimu alipokuja na ovaroli yake, alipokewa kwa furaha ya kweli.

Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la nne kwa miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa mtunza stoo wa kampuni. Alisimama kibarazani, mikono ya ovaroli imemfunika vidole, miguu imejikunja kwenye viatu.

"Fundi, hebu niangalie. Naonekana kama nini?"

"Kama hema lililoanguka, Mwalimu."

"Cheka tu. Kampuni imeagiza nguo za majitu. Jana nimekanyaga pindo nikaanguka na makabrasha yangu mbele ya wakubwa. Nipunguzie. Na hii lebo ya shingoni ikate, inaniwasha kutwa nzima."

Fundi aliigeuza kola. Lebo ilikuwa nene, maandishi madogo ya lugha ya kigeni, na michoro miwili mitatu myekundu. Yeye lugha hiyo hakuijua. Mwalimu aliijua, na ndiyo aliyoifundisha ubaoni miaka yote hiyo, lakini alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa, akisubiri muwasho uondolewe. Fundi akaikata kwa wembe. Mahali ilipokuwa akaweka utepe laini wa kile kitambaa cha bluu cha sare, rangi zikaoana kabisa. Alipunguza mikono, miguu na kiuno, akapiga mshono mara mbili kwa uzi wa nailoni, ule usiokatika.

Mwalimu alivaa, akajigeuza, akajiona mtu tena. Kesho yake walikuja watatu. Mwisho wa mwezi walikuja hata wasiomjua, wachomeleaji, madereva wa winchi, vibarua wa kufunga mabomba, kila mmoja na hema lake. Magoti yakitoboka aliyatia viraka vya bluu, viwili viwili, vimepigwa mistari iliyonyooka. Lile jora la sare likaanza kupungua. Lebo hakuzitupa, maana Fundi hakuwahi kutupa kitu kilichofumwa. Alizitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo. Vipande vya ovaroli vilivyobaki alivishona kuwa vishikio vya sufuria. Siku moja alikisahau kimoja pembeni ya jiko la mkaa, akakikuta kimebadilika rangi tu, hakikushika moto. Akamwonyesha jirani. "Unaona? Hiki ndicho kitambaa cha maana. Si hivi vya sokoni vinavyoungua ukivitupia jicho."

Kifungo aliajiriwa mwaka huo, akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa amejaribu kilimo, akajaribu mkokoteni, akajaribu kukaa bure, na hicho cha mwisho ndicho alichokiweza. Kampuni ikamweka kwenye mabomba, kazi ya kukaza koki na kusafisha. Siku ya kwanza aliingia ndani na ovaroli yake mkononi, anacheka peke yake.

"Dada, hii unishonee kama unavyojua wewe. Ibane hapa kiunoni, na miguu iwe myembamba. Halafu ile akiba yako ya vidole viwili usiniachie. Mimi nimeshamaliza kukua."

"Kichwani bado."

"Basi niachie akiba kwenye kofia."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Aliishona ovaroli ile siku nzima, akawaambia wengine wasubiri. Alimpima sehemu ambazo hakuwahi kumpima mtu mwingine, mashavu ya miguu, mapaja, vifundo, akakata akiba yote. Kola aliipa utepe mpana, magoti aliyapa viraka kabla hayajatoboka, mishono ya ubavuni akaipiga mara tatu kwa nailoni. Kifungo alipotoka mlangoni kuelekea stendi, wasichana wa kibanda cha simu waligeuza shingo. Fundi alimwangalia mpaka alipopinda kona, na moyo ukamjaa. Kama angeulizwa siku ile kazi yake bora maishani ni ipi, angeinyooshea kidole.

Ilikuwa Jumanne, kiasi cha saa nne asubuhi. Fundi alikuwa anatunga uzi. Kwanza kikaja kishindo, akakisikia kwa unyayo kwenye pedali kabla hajakisikia kwa sikio, kisha king'ora. Upande wa mtambo moshi mweusi ulikuwa unapanda. Wanawake walitoka majumbani wakikimbia kuelekea geti la kampuni, naye akakimbia, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, ndala moja imebaki njiani.

Wameungua wawili, walinzi walisema. Mmoja ni mgeni, opereta aliyeletwa na kampuni. Mwingine ni Kifungo. Bomba lilivuja gesi, gesi ikawaka mara moja ikazimika, kufumba na kufumbua. Gari la wagonjwa la kampuni lilikuwa limeshaondoka kwenda hospitali kubwa ya mkoani, mwendo wa saa nne.

Alimkuta jioni kwenye wodi ya watu walioungua, amelala chali, amefunuliwa, chandarua kimeinuliwa juu yake ili kisimguse. Muuguzi wa wodi, dada mpole aliyeonekana hajakaa chini tangu asubuhi, alimvuta Fundi pembeni.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Mama yake pia ni mimi."

"Kuna kitu kinatusumbua. Yule mwenzake alikuwa karibu na moto kuliko huyu. Ametoka na shingo nyekundu na mikono, anatembea. Huyu wako ameungua kwa mistari. Kuna kitu kiliyeyuka kikaganda kwenye ngozi, tunakibandua kidogo kidogo. Alikuwa amevaa nini?"

Fundi alisogea kitandani akatazama. Mstari mmoja ulitoka kwapani ukashuka mpaka kiunoni. Mwingine ulianza nyongani ukateremka nje ya mguu hadi kwenye kifundo, na upande wa pili hivyohivyo. Magotini kulikuwa na miraba miwili, kingo zake zimenyooka. Shingoni, mkanda mpana. Kila mstari aliujua ulikoanzia na ulikoishia, kwa sababu aliuchora yeye kwa chaki kabla ya kuushona. Akashika chuma cha kitanda.

"Ovaroli ya kampuni," alimjibu muuguzi.

Kifungo alifungua macho muuguzi alipoondoka. Midomo ilikuwa imevimba, maneno yakatoka moja moja. "Dada. Wameshanihoji. Nimewaambia nilipewa hivyohivyo stoo. Usiseme kitu. Wakijua ilipunguzwa watasema kosa langu, watanitoa hapa."

"Nyamaza, upumzike."

"Dawa za hapa, dada... sisi hatuziwezi. Usiseme."

Akamwahidi. Akamwahidi mara mbili, maana mara ya kwanza alimwona hajaamini.

Alirudi mji wa mafuta siku ya tatu kuchukua nguo na vyombo. Hajaweka mzigo chini, gari jeupe likasimama mbele ya kibaraza, akashuka bwana wa usalama wa kampuni, kijana nadhifu mwenye kofia ngumu kwapani na ovaroli mpya mkononi. Alisalimia kwa adabu, akampa pole, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama, nauliza tu. Kuna ovaroli zimepita kwako?"

"Kwani kuna nini?"

Kijana aligeuza kola ya ile ovaroli mpya, lebo ikaonekana. Akasoma taratibu, akitafsiri huku kidole kinafuata mstari. "Vazi hili linazuia moto. Usilirekebishe mwenyewe. Usishonee uzi wa kawaida wala kuweka kiraka cha kitambaa cha kawaida. Vitayeyuka na kushika ngozi."

Fundi alikuwa akiitazama lebo. Ndogo, nene, michoro myekundu. Michoro yenyewe, sasa aliposomewa, ilikuwa wazi kabisa: moto, na sindano iliyokatwa kwa mstari.

"Mbona hamkuandika kwa lugha ya watu?" aliuliza, na hasira ikamtoka bila kuipangia. "Watu mia tatu mnawavika nguo, mnaandika maneno ya kuokoa roho zao kwa lugha ya mtu mwingine, tena nyuma ya shingo ambako mwenyewe haoni!"

Kijana aliinamisha macho. "Hilo nimewaandikia makao makuu. Mara mbili."

"Na wakasemaje?"

"Bado."

Akamwuliza tena kuhusu ovaroli. Fundi akasema yeye hashoni siku hizi, macho yamechoka. Uongo mwepesi, kijana akaupokea, akaondoka. Fundi aliingia ndani akafunga mlango. Alikata kipande cha uzi wa nailoni akakiwashia kiberiti. Uzi ulijikunja ukawa tone jeusi, tone likadondoka kwenye kidole chake, likashika, akalikwangua na ngozi ikatoka nalo. Akachukua kishikio cha sufuria, akakishikilia juu ya mwali mpaka njiti tatu zikaisha. Hakikuwaka. Alikuwa nacho jikoni kwake mwaka mzima. Alikisifia kwa majirani. Akamwaga kopo la biskuti mezani, akazitenga lebo na vifungo, akahesabu. Sitini na nne.

Alimwita Mwalimu, naye alikuja akiwa na jasho la woga. Fundi alimweleza lebo inasemaje. Mwalimu alichukua moja, akaisoma, midomo ikicheza kama ya mwanafunzi, akaiweka chini akafunika uso kwa viganja.

"Nilikuwa nayo shingoni," alisema. "Mimi. Wa kusoma."

"Waambie wote walete. Nitafumua kimyakimya, bure, mchana na usiku. Nitawarudishia mahema yenu."

"Na ukae kimya, Fundi. Nakuomba. Mimi ndiye mtunza stoo, mimi ndiye niliyetangulia kuleta. Na mdogo wako atatupwa nje."

"Nimesema nitafumua. Sijasema nitasema."

Walikuja tisa. Tisa, kati ya watu sitini na ushee. Wengine walisema wakionekana ghafla na nguo pana wataulizwa ilikuwaje. Wengine walisema wataleta ukaguzi ukipita. Mchomeleaji mmoja, kijana wa nywele za kuchongwa, alipita kibarazani akamcheka: "Fundi, umepigwa na mshtuko tu. Ile ilikuwa bahati mbaya ya Kifungo." Alikuwa amevaa kazi yake, imembana vizuri kiunoni, magotini ana viraka viwili.

Kila asubuhi saa kumi na mbili lori la kampuni liliwachukua wafanyakazi stendi. Fundi alisimama kibarazani siku nne akiwatazama wakipanda. Aliwajua kwa migongo. Yule nilimbana mabega, yule nilimpiga mshono mara mbili, yule ana watoto wawili niliowashonea kaptula za darasa la kwanza. Akiwatazama aliona mistari, kwapani hadi kiunoni, nyongani hadi kifundoni. Na akifumba macho alimwona mdogo wake chini ya chandarua, na dawa inayodondoka tone moja moja, dawa ambayo yeye hata angeuza cherehani, nyumba na miwani asingeinunua kwa mwezi mmoja. Siku hizo nne hakula chakula kikapita. Alimlaani Mwalimu, akamlaani kijana wa usalama, akailaani kampuni, akarudi akajilaani mwenyewe, na hakuna laana iliyoshusha mtu yeyote kutoka kwenye lori.

Siku ya tano alitoa lebo moja kwenye kopo, akaificha chini ya godoro. Zilifanana zote, haijalishi ipi. Akabeba zilizobaki mpaka getini.

"Hizi ni sitini na tatu," alimwambia bwana wa usalama, ofisini kwake, kwenye kontena lenye dirisha moja. "Nilizikata mimi. Nguo zake ziko mitaani na ziko humu ndani, zina uzi wangu. Wavue leo. Tisa nimeshazifumua."

Kijana alitazama kopo, akamtazama yeye. "Na ya mdogo wako?"

"Ya kwake siijui. Alisema alipewa hivyo stoo."

Kijana alifungua droo akatoa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kipande cha kola, kimeungua upande mmoja. Upande mwingine utepe wa bluu ulikuwa mzima, mishono yake midogo, sawasawa, imelala pamoja. Kisha akaita dirishani, kibarua aliyekuwa akipita akaingia, akamwomba ageuze kola yake. Utepe wa bluu. Mishono midogo, sawasawa, imelala pamoja. Mtoto wa shule angeona ni mkono mmoja. Miaka ishirini na zaidi Fundi alijisifu kwamba mshono wake hauna mwenzake mjini, na ilikuwa kweli.

"Mama," kijana alisema pole pole, "mimi natakiwa kuandika."

"Andika kwamba mimi ndiye niliyekosea. Yeye hajui kushika sindano."

"Nitaandika. Lakini watasoma pia kwamba alidanganya."

"Mwanangu, nakuomba. Nimekuletea watu sitini na tatu. Niachie huyo mmoja."

Kijana aliondoa macho yake kwake, akayapeleka kwenye karatasi. Akaandika.

Ovaroli zote zilikusanywa siku ileile. Kwa kuwa haziungui, walizichimbia shimo wakazifukia kwa katapila. Zikaja mpya, na safari hii, ajabu, zikapatikana za saizi za watu wa kawaida. Mwalimu aliondolewa stoo. Shuleni nafasi yake ilikuwa haipo tena, akawa anauza vocha stendi, na kila alipomwona Fundi alivuka barabara kumkwepa. Mchomeleaji wa nywele za kuchongwa na wenzake walikatwa mshahara wa siku tatu kwa kuharibu mali ya kampuni, wakamwita Fundi mchomaji, mtu wa kuwachomea wenzake kwa wakubwa, na jina likashika. Miezi miwili baadaye gesi ilivuja tena kwenye bomba lilelile. Waliokuwa zamu waliungua shingo na mikono tu, wakatibiwa, wakarudi kazini. Hakuna aliyekuja kumwambia asante. Hakuwa ameitegemea, lakini iliuma kuliko alivyofikiri itauma.

Barua ya Kifungo ilikuwa na mistari sita. Alibadilisha vazi la kinga, akatoa maelezo ya uongo, na kampuni haihusiki naye kuanzia tarehe hiyo. Hospitali walimtunza wiki moja zaidi kwa huruma ya muuguzi, kisha kitanda kikatakiwa. Alirudishwa kwa pikapu, akashushwa kibarazani na mfuko wa marhamu, shuka limeshikiliwa mbali na mwili kwa mikono yake miwili.

Alikaa wiki kadhaa kwenye benchi la wateja, maana wateja hawakuwepo. Vidonda vya ubavuni vilifunga vikivuta ngozi, akawa hawezi kusimama wima. Mguu wa kushoto uliganda gotini. Siku moja mchana, malori yakipita, Fundi aliona hawezi kuendelea kumlisha huku amemficha jambo.

"Nilikwenda mwenyewe getini," alisema. "Hakuna aliyenikamata. Nilikwenda na kopo."

Malori manne yalipita, Kifungo akiyafuata kwa macho.

"Wangapi?"

"Sitini na tatu."

Alitikisa kichwa kidogo. Haikujulikana anakubali au anahesabu. Hakumwambia nimekusamehe, wala hakumwambia umeniua. Alitazama barabara, kisha akatazama shuka alilokuwa amejifunika.

"Nishonee shati," alisema. "Siwezi kukaa na shuka kama mgonjwa."

Fundi aliinuka upesi, karibu apindue kiti. Sandukuni alikuwa na shuka la mama yake, pamba tupu, lililofuliwa mpaka likawa laini. Akalitoa, akatoa futi shingoni, akamsogelea kama alivyomsogelea maisha yake yote, mikono imetangulia. Kifungo alijikunja nyuma, mabega yamepanda, pumzi imekatika. Fundi akasimama palepale, futi ikining'inia.

"Usinipime," Kifungo alisema.

"Sasa nitashonaje bila kupima?"

"Kubwa, dada. Wewe shona kubwa tu."

Alirudi kwenye kiti chake, akatandika shuka la mama juu ya meza, akakata kwa kukisia, vidole viwili, vinne, kiganja kizima cha akiba kila upande. Kisha akatafuta uzi wa pamba. Kabla ya kuutunga alikata kipande chake, akakiwashia kiberiti, akainama kukitazama kinavyoungua.